Rekoda na kamera zilizogoma kuwaka: mwongozo kamili wa kurudisha fimwea

"Fundi, mwenzako kaja jana kasema fimwea imekufa, ninunue nyingine."

Mama mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, Mwanza, alinipokea hivyo wakati wa mvua. Rekoda yake ya njia nane ilikuwa inawaka, inalia mara moja, inaonyesha nembo, inazima, inaanza upya. Usiku wa kuamkia siku hiyo umeme ulikuwa umekatika na kurudi mara tatu. Nikamwambia, "Mama, nipe dakika kumi kabla hujatoa hela." Nikachomoa adapta yake, nikachomeka ya kwangu ninayotembea nayo, na picha za kamera zote zikapanda. Fimwea, yaani programu ya ndani inayokiendesha kifaa, ilisingiziwa.

Vifaa vingi ninavyoletewa kwa jina la "fimwea imekufa" ugonjwa wao uko kwingine, na ukivamia kuflashi (kuandika fimwea upya) kifaa kizima chenye umeme mbovu, ndipo unakiua kweli. Kwa hiyo nusu ya mwongozo huu haigusi fimwea kabisa. Ukiruka nusu hiyo, usinitafute.

Kinachotokea ndani

Kamera ya mtandao au rekoda ni kompyuta ndogo. Ukiipa umeme, kitu cha kwanza kuamka ni programu fupi inayoitwa butiloda. Kazi yake ni kuamsha kumbukumbu, kusoma mfumo kutoka kwenye chipu na kuukabidhi usukani. Baada ya hapo ndipo inakuja programu yenyewe ya kamera: picha, ukurasa wa mipangilio, kurekodi. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha, kinachoharibika mara nyingi ni sehemu hiyo ya juu. Butiloda hubaki hai, maana masasisho mengi hayaigusi. Hapo ndipo penye tumaini letu: kwa sekunde chache kila inapowaka, butiloda nyingi huchungulia kwenye mtandao kuuliza kama kuna mtu mwenye faili la kumpa. Kurudisha fimwea ni kuwepo pale na faili sahihi, kwa anwani sahihi, ndani ya sekunde hizo.

Hatua ya kwanza: umeme

Usipime adapta ikiwa haina mzigo. Adapta iliyochoka husoma volti 12 safi kabisa ikiwa mezani, kisha huporomoka ikibebeshwa kifaa. Pima huku kifaa kikijaribu kuwaka. Ikishuka chini ya volti 11 wakati wa kuwaka, tafuta adapta nyingine kwanza. Rekoda yenye hadidiski kubwa ya inchi 3.5 ina mtihani zaidi: diski ikianza kuzunguka inaweza kuvuta karibu ampea 2 peke yake kwa sekunde chache. Adapta iliyoandikwa ampea 2 lakini imedhoofika haiwezi kubeba diski na bodi kwa pamoja, ndiyo maana mashine inazima pale pale kwenye nembo kila mara.

Kwa kamera, angalia urefu wa kebo. Mafundi wengi tunapeleka umeme wa volti 12 kwenye nyaya mbili za kebo ya mtandao kwa sababu ni rahisi. Fanya hesabu. Waya mmoja wa shaba wa kebo hiyo una ukinzani wa omu 8 hadi 9 hivi kwa mita 100. Kamera ikiwa mita 60 kutoka kwenye adapta, umeme unakwenda na kurudi, jumla mita 120, yaani omu 10 hivi. Mchana kamera ikivuta ampea 0.2 unapoteza volti 2, na kamera inavumilia. Giza likiingia, taa za infraredi zinawaka, inavuta ampea 0.5, unapoteza volti 5, kamera inabaki na 7. Inazima. Taa zikizima mzigo unapungua, inawaka tena, inaona giza, inawasha taa, inazima. Mteja atakuambia, "Fundi, hii kamera usiku inazimika yenyewe," na mtu atamwambia ni fimwea. Dawa ni kuunganisha nyaya mbili mbili kwa kila upande, au kuhamia kwenye swichi ya PoE, inayosafirisha umeme wa volti 48 hivi ndani ya kebo ya mtandao. Kebo za alumini iliyopakwa shaba, ambazo zimejaa madukani, ni mbaya kuliko hesabu hiyo.

Hatua ya pili: mvue kila kitu

Zima. Chomoa kamera zote, mausi, kebo ya mtandao, kebo ya skrini, kisha fungua kifuniko na uchomoe diski, data na umeme vyote viwili. Washa bodi tupu ikiwa na adapta nzuri. Ikiwaka, rudisha kimoja kimoja. Radi za huku kwetu ziwani hazina mzaha: kamera moja iliyopigwa huweza kuiburuza rekoda nzima chini kupitia poti yake. Diski mbovu nayo huigandisha mashine kwenye nembo muda mrefu hadi mtu akate tamaa.

Diski uliyoitoa iweke pembeni, na isirudi mpaka kazi yote iishe. Nitaeleza kwa nini huko mbele.

Hatua ya tatu: imekufa, au imehama anwani?

Angalia taa ya poti ya mtandao. Kama inawaka na kucheza, kuna uhai. Kwa Hikvision tumia programu yao ya SADP, kwa Dahua tumia ConfigTool. Zote mbili huona kifaa hata kama anwani yake haifanani na ya laptopu yako. Ukikosa hizo, ipe laptopu anwani ya mtandao husika na upige ping (amri ya kuuliza kama kifaa kipo): Hikvision za kawaida hutoka kiwandani na 192.168.1.64, Dahua 192.168.1.108, na zile rekoda za bei nafuu zenye bodi za Xiongmai 192.168.1.10.

Ikijibu ping lakini ukurasa haufunguki, tulia. Kamera za zamani zilihitaji Internet Explorer na nyongeza yake ili kuonyesha picha, na Microsoft iliistaafisha brauza hiyo Juni 2022. Nimeletewa kamera nzima kabisa zilizoitwa mfu kwa sababu tu Chrome haikuonyesha picha. Washa hali ya IE ndani ya Edge kabla hujahukumu.

Paswedi iliyosahaulika nayo si kazi ya kuflashi. Ina njia yake kupitia mtengenezaji, kwa faili linalotolewa na SADP au kwa msimbo wa QR. Na hapa nitoe neno moja: mtu akija na rekoda isiyo na adapta, isiyo na kamera hata moja, anataka paswedi itolewe haraka haraka, muulize imetoka wapi. Rekoda huibwa ili picha zipotee.

Hatua ya nne: faili

Hapa ndipo wengi wanaua vifaa.

Geuza kifaa, piga picha kibandiko. Unahitaji jina kamili la modeli hadi herufi ya mwisho, namba ya mfululizo ya kifaa (serial number), na toleo la bodi kama limeandikwa. Modeli mbili zenye jina linalokaribiana huweza kuwa na vichakataji tofauti kabisa ndani. Niliwahi kuvuka na kivuko hadi Nansio, Ukerewe, nikiwa na faili la modeli jirani, kwa sababu mteja alinisomea kibandiko kwa simu na kuacha herufi mbili za mwisho. Mtandao wa kule siku hiyo ulikuwa wa kusuasua, faili halikushuka, nikarudi na kivuko cha kesho yake. Tangu hapo sikubali kusomewa, natumiwa picha.

Kwa Hikvision, tazama herufi zilizo katikati ya hiyo namba ya mfululizo. CCWR ni ya soko la nje ya China. CCCH ni ya soko la China lenyewe. Hizi za pili hufika Kariakoo na kushuka hadi kwetu zikiwa zimebadilishwa lugha kwa ujanja, na ni nafuu kweli. Ukizipa fimwea ya kimataifa, kifaa hugundua lugha haifanani na kugoma, au kurudi Kichina. Kama mteja ana mzigo wa namna hiyo na unafanya kazi, mshauri asiusasishe kabisa.

Chukua faili kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji. Likishashuka, linganisha ukubwa wake na ulioandikwa, maana bando likiisha katikati, simu nyingine huhifadhi faili nusu bila kusema neno. Kama mtengenezaji ametoa alama ya kuthibitisha faili, iitwayo SHA256, fungua dirisha la amri kwenye Windows na uandike `certutil -hashfile` likifuatiwa na jina la faili na neno `SHA256`. Herufi zikipishana hata moja, shusha upya. Na usirudi kwenye toleo la zamani kuliko lililokuwemo bila kusoma maelezo ya toleo. Bodi nyingi za sasa zinakataa kurudi nyuma.

Hatua ya tano: TFTP kwa Hikvision

TFTP ni njia ya kupeleka faili kupitia kebo ya mtandao. Naieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo utakayoitumia zaidi.

Weka swichi ndogo kati ya laptopu na kifaa. Usiunganishe moja kwa moja. Kifaa kikizima na kuwaka, poti ya laptopu hukatika na Windows huchukua sekunde kadhaa kuiamsha. Mpaka iamke, butiloda imeshauliza, haikujibiwa, ikaendelea na safari. Swichi inaishikilia poti yako ikiwa hai muda wote. Kwa kamera ya PoE, swichi hiyo hiyo ndiyo itakayoilisha umeme.

Laptopu iwe na chaji ya kutosha, na kifaa kiwe kwenye UPS. Usifanye kazi hii kwa umeme wa ukutani wingu likiwa limetanda upande wa ziwa.

Zima Wi-Fi. Zima faiwoli na antivairasi kwa muda. Ipe poti ya kebo anwani 192.0.0.128, maski 255.255.255.0, geitiwei acha wazi. Soma vizuri: ni 192.0.0, si 192.168.0. Kosa hili nimeliona kwa mafundi wa miaka mingi.

Tengeneza folda fupi, kwa mfano `C:\TFTP`, isiyo na nafasi kwenye jina. Weka humo programu ya TFTP ya Hikvision yenyewe. Programu za TFTP za kawaida hazitoshi, kwa sababu kabla ya kuomba faili kifaa hubisha hodi kwa namna yake kwenye poti 9978 na hungoja jibu maalumu. Toa faili la fimwea kwenye zipu, liweke hapo, na jina lake liwe `digicap.dav` hivyo hivyo. Washa kwanza uonyeshaji wa mikia ya majina ya faili kwenye Windows, la sivyo unaweza kudhani una `digicap.dav` kumbe una `digicap.dav.zip`.

Fungua programu kwa mamlaka ya msimamizi. Kifaa kikiwa kimezimwa, kiwashe, kisha mikono mbali. Ndani ya sekunde 10 hadi 20 utaona mstari unaotaja 192.0.0.64 ikijaribu mlango, kisha muunganisho umefaulu, kisha faili linaanza kwenda. Likiisha kwenda, programu itanyamaza. Ukimya huu ndio umeua vifaa vingi: faili limefika kwenye kumbukumbu ya muda, sasa linaandikwa kwenye chipu, na inaweza kuchukua dakika kadhaa. Fundi anadhani imeganda, anachomoa. Kaa. Agiza chai. Ngoja hadi mstari wa kusema mfumo umesasishwa utokee.

Ukitokea, funga programu ya TFTP mara moja kabla kifaa hakijawaka tena. Ukiiacha wazi, kila kikiwaka kitalikuta faili na kuanza kuandika upya, nawe utadhani hakijapona. Baada ya hapo fungua SADP. Kifaa kinapaswa kuonekana, mara nyingi kikisubiri kupewa paswedi mpya.

Hakuna kilichotokea hata mstari mmoja? Kagua faiwoli tena, hasa kama Windows imeuita mtandao huo wa umma. Kagua kama laptopu ina poti nyingine za kubuni za VPN, ambazo programu hushikilia kimakosa, zizime zote. Jaribu kushikilia kitufe cha riseti wakati wa kuwasha, sekunde 10 hadi 15. Ukikosa bado, hamia hatua ya sita.

Kama si Hikvision: sikiliza kifaa kinauliza nini

Badala ya kukariri anwani za kila kampuni, sakinisha Wireshark, programu inayoonyesha kila ujumbe unaopita kwenye mtandao, kwenye laptopu, anza kurekodi kwenye poti ya kebo, kisha washa kifaa. Butiloda yenye TFTP itapiga kelele kwa ARP: nani ana anwani fulani? Anwani inayoulizwa ndiyo unayotakiwa kujivika. Kamera nyingi za Dahua utazikuta zinaita 192.168.254.254. Jivike hiyo kwa maski 255.255.0.0, washa programu ya kawaida kama Tftpd64, halafu tazama jina la faili linaloombwa. Kwa Dahua utaona linaanza na `upgrade_info`. Hilo ni faili la maelekezo linaloiambia butiloda ivute vipande gani na kuviandika wapi. Vipande vya modeli nyingine huko ndani ni sumu ile ile niliyoitaja.

Kifaa kikikaa kimya kabisa kwenye Wireshark huku taa ya poti imewaka, ama butiloda yake haina huduma hiyo, ama nayo imeharibika.

Hatua ya sita: waya tatu

Fungua kasha. Kwenye bodi tafuta pini tatu au nne zilizopangwa pamoja, mara nyingi zimeandikwa TX, RX na GND. Unahitaji kibadilishi cha USB kwenda seriali cha volti 3.3. Si 5. TX ya bodi iende RX yako, RX ya bodi iende TX yako, GND kwa GND. Pini ya umeme usiiguse, kifaa kitumie adapta yake. Fungua PuTTY (programu ya kusoma maandishi ya seriali) kwa kasi ya 115200, washa kifaa, na maandishi yatashuka. Hapo sasa unaona ugonjwa kwa macho: imekwama kusoma chipu, mfumo umeharibika, au inarudia kuwaka kwa sababu programu fulani inaanguka.

Kuisimamisha butiloda, bonyeza kitufe katika sekunde ya kwanza: Ctrl+U kwa Hikvision nyingi, nyota kwa Dahua nyingi, Ctrl+C kwa bodi nyingi za bei nafuu. Ukipata nafasi ya kuandika, amri ya kwanza ni `printenv`, na kitu cha kwanza ni kuhifadhi kila kilichotoka kwenye faili. Humo kuna ramani ya chipu, anwani ya MAC (namba ya kipekee ya kifaa kwenye mtandao), na mara nyingi amri zenyewe za kusasisha ambazo mtengenezaji aliziacha.

Sikupi namba za kuandikia chipu, kwa makusudi. Zinatofautiana bodi kwa bodi, na `sf erase` kwenye anwani isiyo sahihi inafuta butiloda yenyewe. Namba zako zitoke kwenye `printenv` ya kifaa chako.

Chipu yenyewe

Butiloda ikiwa imekufa, kinachobaki ni kuandika chipu kwa programa (kifaa cha kuandikia chipu) kama CH341A na klipu ya miguu minane. Soma namba ya chipu kwanza: 25Q128 ni megabaiti 16, 25Q64 ni megabaiti 8. Hakikisha volti, zipo za 3.3 na za 1.8, na zile CH341A nyeusi za bei nafuu zinajulikana kwa kupeleka volti 5 kwenye njia za data. Soma chipu mara mbili, linganisha mafaili mawili. Yakitofautiana, klipu haijashika. Ukinakili kutoka kamera nzima ya modeli ile ile, kumbuka unanakili na MAC yake. Kamera mbili zenye MAC moja kwenye swichi moja zitakuwa zinanyang'anyana mtandao. Binafsi, kwa kamera ya bei ya chini siendi huku. Namwambia mteja anunue nyingine.

Ikishawaka

Sasa ile diski. Rekoda iliyorudishiwa fimwea inaweza kuiona diski kama ngeni na kuomba iiandae upya. Ukibonyeza ndiyo, rekodi zimekwenda. Muulize mteja kwanza kama kuna tukio analohitaji. Kama kuna wizi uliotokea wiki hiyo, weka diski nyingine na ile ya zamani umkabidhi.

Weka saa, GMT+3. Ikirudi 1970 au 2000 kila umeme ukikatika, badilisha betri ya bodi, nyingi ni CR2032. Picha yenye tarehe mbovu haimsaidii mtu polisi.

Kisha funga milango. Udhaifu wa Hikvision uliosajiliwa kama CVE-2017-7921 na CVE-2021-36260 unamruhusu mtu wa mbali kuingia bila paswedi kwenye matoleo ya zamani, na mwaka 2016 kirusi cha Mirai kilijaza jeshi lake kwa kamera na rekoda zilizoachwa na paswedi za kiwandani. Zima UPnP (huduma inayofungua poti za rauta yenyewe bila kukuuliza), ondoa poti 80, 8000, 37777 au 34567 zilizofunguliwa kwenye rauta, na usirudishe paswedi ya zamani hata mteja akiililia.

Mwisho, kabla hujairudisha dukani kwa mtu: izime kwa kuchomoa ukutani na kuiwasha, mara tatu, zote tatu ipande hadi picha. Halafu iache usiku kucha kwenye meza yako, kamera ikiwa gizani na taa zake zimewaka. Rekoda ya yule mama wa Mwaloni niliipitisha humo humo, ikiwa na adapta mpya, na asubuhi nilimkuta anaanua dagaa. "Mwangaluka, fundi," akanisalimia kwa Kisukuma, "ngapi?" Nikamtajia bei ya adapta.